Gitaa Lililopakwa Samli

Nitakachoandika hapa hakuna atakayekiamini, na sitamlaumu mtu. Hata mimi, Hamduni, niliyeona mengi kuliko wenye digrii zao, nisingekiamini kama si macho yangu haya. Shule niliishia darasa la nne, na si kwa ujinga: mwalimu aliona namkaribia mno, akaogopea kiti chake. Basi mimi ndiye shahidi. Naandikia humuhumu karakana, Mwisenge, Musoma mjini, na mwenyewe Kudura yuko nyuma yangu anapiga randa. Kudura ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, na akili yote ile kairithi upande wetu.

Baba yake, fundi Alawi, Mungu amrehemu, alifariki miaka ile ya shida, dukani hakuna sabuni, hakuna sukari, na kipande cha msasa ukikipata unakikunja unakiweka pamoja na hela. Karakana ikabaki mikononi mwa Twalib, mdogo wake marehemu. Twalib si mtu mbaya, ni mtu wa hesabu tu. Kulikuwa na bwana mmoja wa Bunda anayetaka chumba hiki aweke mashine ya kusaga, Twalib akamwambia Kudura waziwazi: "Mwanangu, nani atamletea mwanamke mlango autengeneze?"

"Baba mdogo, niachie kazi moja tu," akasema Kudura. "Moja, ya mtu asiye ndugu. Ikiharibika, mwite huyo wa mashine, nami nitamfagilia chumba kwa mkono wangu."

"Na ikitoka salama?"

"Unanipa ufunguo, na neno hili halirudi tena."

Twalib akakubali. Nafikiri alikubali kwa kuwa hakuna aliyekuwa analeta kazi.

Ndipo akaja Nyamhanga. Huyu alikuwa mkulima na mfugaji wa upande wa Butiama, kiongozi wa kwaya kanisani kwao. Padre mgeni aliyerudi Ulaya alikuwa amemtumia sanduku: gitaa la wanaoanza, la kuunganisha mwenyewe. Tumbo mbali, shingo mbali, nyuzi ndani ya bahasha, na mti mtupu haujapakwa kitu. Kopo la vanishi lilikuwemo, ila safari ilivyokuwa ndefu, lilifika limekauka jiwe.

Sasa, kwao Nyamhanga kigoda kipya cha mzee hakikaliwi hivihivi. Kinapakwa samli, kinaanikwa juani kinywe, kinapakwa tena mpaka king'ae. Naye kwa mapenzi yake yote akalifanyia gitaa vivyo hivyo. Alilinywesha samli ya ng'ombe wake mzuri kuliko wote, shingo na tumbo, nje na ndani.

Musoma mjini kila fundi aliyeligusa alijifuta mikono kwenye suruali akamrudishia. Gundi haishiki, rangi haikai. Alipotokea kwetu, paka wa mtaa mzima wako nyuma yake. Nikamwambia, "Karibu mfugaji, naona mwaka huu umebadili mifugo."

Hakucheka. Aliliweka sanduku juu ya benchi taratibu, kama mtu aliyeleta mgonjwa. "Watoto wa kwaya wanalisubiri," akasema. "Nami nimeliua kwa mkono wangu."

Kudura akapitisha kidole, akanusa. "Hujaliua, baba. Umelishibisha tu."

Twalib alikuwa mlangoni. Aliuchezesha ufunguo kwenye mfuko wa kanzu, tukausikia sote.

Mimi nilikuwa na shauri langu: maji ya moto na majivu, basi. Nimeoshaga masufuria ya harusi mimi! Kudura akachukua chekeche. Akachekecha beseni zima la unga wa muhogo, mwepesi kama vumbi, akautandaza juu ya tumbo la gitaa. Juu yake kitambaa cha pamba. Kisha akachukua pasi ya mkaa.

Hapo ndipo nilipoanza kunyamaza, na wanaonijua wanajua hilo ni jambo. Mbao ile ni nyembamba, jamani. Pasi ikizidi moto inajikunja kama chapati. Ikipoa, samli haitoki. Kila mara kabla hajaishusha aliisogeza karibu na shavu lake, akasikiliza joto. Kisha akaipitisha, polepole, akifuata mistari ya mti. Samli ikayeyuka, unga ukainywa, ukawa wa njano. Karakana ikanukia maandazi. Akaukung'uta, akatandaza mwingine mweupe.

"Ongeza mkaa, mpwa wangu, tutakesha hapa."

"Mjomba, ukiwa na haraka kasimulie watu sokoni."

Mara tukasikia: *tak!* Ukingo mmoja wa mbao ulikuwa umeinuka, kiasi cha unywele. Nyamhanga akafumba macho. Twalib akautoa ufunguo mfukoni, akaushika mkononi. Kudura aliiweka pasi chini, akalaza kiganja chake juu ya pale palipoinuka, akakaa hivyo. Hakubonyeza. Alikaa nao tu, kama unavyotuliza mtoto anayetaka kuamka, mpaka mti ukapoa chini ya mkono wake, ukashuka, ukalala.

Siku zilizofuata alipiga msasa, na msasa wenyewe ni majani ya ule mti wa msasa, aliyoyaagiza kutoka kijiji cha Mugeta, makavu, yenye ulimi kama wa paka. Anapiga, anafuta kwa kitambaa chenye unyevu ili vinyweleo vya mti visimame, vikikauka anapiga tena. Pale shingo inapokutana na tumbo alipakwangua mpaka akaukuta mti mkavu, ndipo akatia gundi. Mwisho akayeyusha nta ya nyuki, akaipaka kwa kiganja, akasugua mpaka kiganja kikapata moto.

Basi mti ukafunguka. Sijui niseme vipi. Samli iliyobaki ndani kabisa ilikuwa imeupa rangi ya asali, na ile mistari iliyokuwa imezama ikapanda juu mmoja mmoja, myembamba, imelala pamoja kama viwimbi vya asubuhi kabla upepo haujaliamsha ziwa. Mimi nimezaliwa kati ya mbao. Nimezikalia, nimezilalia, nimeziuza. Sikuwa nimewahi kuuona ubao. Nikapeleka kidole, nikakirudisha kabla hakijagusa.

Nyamhanga aliitwa. Alikaa kwenye kigoda, akalipakata, akakaza nyuzi. Akavuta uzi mmoja tu, ule mnene. Ile sauti ilitoka chini, ikajaa chumba, ikaingia mpaka kwenye benchi nililoegemea, nikaisikia mgongoni. Nyamhanga akaweka shavu kwenye mti akanong'ona kitu kwa kilugha chao.

Na sasa sikilizeni. Sauti ile ilivuka maji mpaka kisiwa cha Rukuba, wavuvi wakaacha nyavu zao. Twalib akaanguka kwa magoti, machozi yamelowesha kanzu yote, na mbele ya watu mia tatu waliojaa barabarani akanikabidhi mimi ule ufunguo, akasema, Hamduni, bila shauri lako la majivu huyu mtoto asinge—

"Mjomba."

Randa imenyamaza. Kudura amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma.

"Watu mia tatu gani? Tulikuwa wanne, na wewe ulikuwa mlangoni unafukuza paka. Baba mdogo hakulia. Aliuweka ufunguo kwenye beseni la unga, akasema, 'Kesho fungua mapema.' Futa hapo. Na hayo majivu yako pia futa."