Pumba za Mama Asifiwe

Kama kuna mtu Ndandalo nzima aliyenikera kwa bidii, ni jirani yangu Mama Asifiwe. Marehemu mume wake alimwachia nyumba ya matofali ya kuchoma, hana nyingine, na akaapa haitamwangukia kichwani. Mpunga ukishavunwa, anapiga chokaa. Septemba yuko juu ya ngazi, mwanamke mwenye wajukuu, anagongelea misumari ya bati. Mvua za Novemba hazijaanza, mtaro wake umeshazibuliwa, naye amesimama anaukagua wangu.

"Mugonile, Mama Kisa," ananisalimu. "Huo mtaro unasubiri mafuriko yaje kuuzibua?"

Nyumba yake ilipendeza kweli, chokaa haikuwa na doa hata mwezi wa nne, na sifa zote zilikwenda kwa pumba. Kila mwaka alileta magunia ya pumba kutoka mashine ya kukoboa mpunga, akazirundika kuzunguka ukuta hadi usawa wa goti ili matope yasirukie juu. Mvua ya kwetu haina adabu. Tukamwiga mtaa mzima, hata mimi niliyejifanya simjali.

Aprili hii, asubuhi moja mvua imetulia, nilikwenda kumwomba chumvi. Akavuta mlango anifungulie. Mlango ukaja na fremu yake yote, ukamlalia. Nilipiga yowe! Kuinua ile fremu, nyepesi kama ungo. Mama Asifiwe alikuwa mzima, ameketi sakafuni, mdomo wazi. Ndani ya fremu hamkuwa na mbao tena. Ilibaki rangi ya nje, udongo na mchwa.

Tukamwita fundi Ambilikile. Akaondoa pumba kwa koleo. Chini zilikuwa mbichi, na nyuma yake njia za mchwa zimepanda ukutani, zikaingia kwenye nyufa mpaka darini. Akapanda ngazi, akachoma boriti kwa bisibisi. Ikazama mpaka kwenye mpini.

"Mama, usilale humu leo," alisema, akishuka polepole. "Haya mabati yanakaa kwa mazoea tu."

"Lakini nimeitunza! Ambilikile, sijaruka hata mwaka mmoja!"

"Ni kweli, mama. Ila pumba zimewatunza na wao. Zimewapa unyevu, zimewaficha."

Hakulia. Aliitazama nyumba yake kama mtu aliyetukanwa na mwanawe mbele ya watu. Miaka yote hiyo amelala chini ya lile paa! Nikamshika mkono, nikamwambia atakaa kwangu mpaka mbao zibadilishwe.

"Ndaga fijo," alinishukuru.

Tulipofika kwangu hakuingia. Alipiga magoti ukutani, akaanza kuzifukua pumba zangu kwa mikono yake. Nilimwambia aache, apumzike kwanza, nikanyoosha mkono nifungue.

"Mama Kisa," akasema bila kugeuka, "usiushike huo mlango."