Sauti ya Baba Mkwe Ziwani

Ukitaka kucheka, cheka sasa kabla sijaanza. Nilichokiona Matema nilikiona kwa macho yangu haya mawili, tena asubuhi kweupe, sikuwa na homa wala sikuwa nimesinzia. Laiti ningekuwa nadanganya.

Mume wangu alileta kwenye simu video ya ngisi mkubwa, yule jamaa yake pweza anayeishi kilindini baharini, mrefu kushinda basi. Nyumba nzima ikaingiwa na hofu. Mama mkwe akauliza kama hawezi kufika huku Ziwa Nyasa. Mimi, niliyemaliza kidato cha nne, nikawapa somo: ngisi ni wa maji ya chumvi, hana haja na nyama ya mtu, na hizo habari za kuzamisha meli ni stori za mabaharia. Mwalo mzima, pale wavuvi wanapopakulia samaki, nikautangazia. Mtu akisema kuna kitu kimevuta wavu wake, namcheka hadharani. Nilikuwa mjuaji, basi tu.

Sasa elewa jambo moja. Kwetu Wanyakyusa, kwa mila, mkamwana na baba mkwe hawatazamani wala hawasemeshani. Siku hizi wengi wameacha, lakini nyumba niliyoolewa bado wanaishika. Baba mkwe akija njia yangu hukohoa, nami hupita pembeni nikageuza uso. Miaka minane hajawahi kunisemesha hata neno moja.

Jumamosi moja nilikuwa nasugua masufuria ufukweni, yeye yuko kwenye mtumbwi wake anatoa nyavu, nami nimempa mgongo kama inavyotakiwa. Wakaja wale wadudu wadogo wa ziwani, wingu zito kama moshi, wakaniingia puani na machoni. Nikajifunika kanga. Mara nikasikia mtumbwi umepinduka, nikachungulia. Ulikuwa hatua kama kumi kutoka nilipo, tumbo juu, na juu yake umelala mkono. Si wa mtu, niamini. Mwekundu, mnene kama mchi, unapapasa polepole kama kipofu anayetafuta mlango.

Ndipo sauti ya baba mkwe ikaita kwa jina la mwanangu wa kwanza, "Mama Tuntufye! Mama Tuntufye, nishike mkono!"

Wewe ungefanyaje? Mimi nilijiambia, baba hawezi kuniita. Huyo ni mwenye ule mkono, ameiba sauti. Nikakimbia hadi kwenye mikakao, nikachuchumaa. Na hapo ndipo penye aibu yangu. Watu walikuwa karibu, ningepiga kelele wangekuja. Sikupiga. Ningesema nini? Ngisi? Mimi? Niliogopa kuchekwa kuliko nilivyoogopa mtu kufa.

Waliomwokoa ni akina mama wawili wa Kikisi, wale wafinyanzi wa ng'ambo ya ufuko, waliokuwa wakipita na mtumbwi wa vyungu kwenda sokoni. Walimkuta chini ya mtumbwi, amekunywa maji, pumzi imebaki kidogo. Mguu wa kushoto ulikuwa na alama za mviringo, mistari miwili, kila alama kama kizibo cha soda. Daktari alisema ni kamba za nyavu. Hadi leo mzee anatembelea fimbo, na ziwani haendi tena.

Nilikaa na siri hiyo miezi mitatu. Mwishowe nikamweleza mama mkwe jikoni, nikilia, maana hata msamaha siwezi kumwomba baba uso kwa uso. Mama akafuta mikono, akatoka uani alikokaa mumewe. Akarudi.

"Ndaga, mwanangu, asante kwa kusema," akaniambia. "Mzee anasema usijitese. Anasema yeye hakuita. Alizama bila kutoa hata neno."

Nisaidie. Kama baba anasema kweli, ni nani aliyekuwa akiniita? Na kama anadanganya, basi mtu niliyemwacha majini ndiye anayenifunika aibu. Sijui lipi linaniuma zaidi.

Akikohoa njiani bado napita pembeni, nageuza uso. Watu wananisifu, wanasema mkamwana huyu ana adabu. Adabu! Naona haya tu.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, ukiitwa kutoka majini, piga kelele kwanza, hata kama huna uhakika, hata kama watakucheka. Kicheko cha watu hakifiki kesho. Kikohozi cha mzee mimi nakisikia kila siku.