Devis ya Tata Mukendi

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile ambayo fundi mmoja alionja ukuta wa nyumba yetu kwa ulimi. Weka kwanza chini hizo karatasi tatu ulizoniletea. Nimeona jicho lako lilivyokimbilia mstari wa mwisho, pale bei ilipoandikwa, na nimeona umekwisha kuchagua. Sikulaumu, maana na mimi nilisoma devis yangu ya kwanza, karatasi ya fundi ya makadirio, kutoka chini kwenda juu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilifundisha shule ya msingi hapa Kolwezi, na mume wangu alikuwa mtu wa umeme kwenye bwawa la Nzilo, akirudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Nyumba ilijengwa na marehemu baba yangu. Mama yangu, ambaye miguu yake ilikuwa imekwisha kukataa kazi, alilala chumba cha pembeni, kitanda kimeegemea ukuta. Katika ukuta huohuo ufa ulianza kushuka kutoka chini ya mabati. Mwanzoni ulikuwa mwembamba, na kufikia mwisho wa kiangazi vidole vyangu vinne viliingia. Mvua zilikuwa karibu. Mume wangu akaniambia nitafute fundi na nichague mwenyewe, kwa kuwa ndimi ninayelala nyumba moja na mama.

Miaka ile kila kitu kilikuwa kinabomoka. Kazi za mgodi zilikuwa zimelala, mshahara ulikuwa habari ya kusimuliwa, na pesa ya asubuhi haikununua kitu jioni, hata mafundi wakataja bei zao kwa mifuko ya unga. Na lilikuwapo jambo baya kuliko hayo. Majirani zetu wenye asili ya Kasai, ambao babu zao waliletwa huku kufanya kazi mgodini, watu tuliobatizwa nao kisima kimoja, walianza kuambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Wengi wao hawakuwahi kuiona Kasai.

Tata Mukendi alikuwa mmoja wao, mzee mfupi, mpole, aliyejenga nusu ya nyumba za mtaa wetu. Alikuja asubuhi na mfuko wake wa vyombo. Mimi nilitaka kumwonyesha ufa, yeye hakuutazama. Alizunguka nyumba mara mbili. Akatoa msumari, akakwangua tofali, akaweka vumbi lake ulimini. Kisha akaenda kwenye bustani yangu ya nyanya, akachukua udongo kidogo, akauonja nao. Nilifunika mdomo kwa kitenge nisicheke.

"Mama, hii matofari ilitokaka humu humu mu parcelle," akasema. "Ni bulongo moya. Sasa shimo yake iko wapi?"

Nikamjibu kwamba sijui ni wapi kiwanjani palipochimbwa, nyumba ilijengwa kabla sijazaliwa. Akaniomba nimwulize mama yangu akiamka, maana muda ule alikuwa amesinzia. Sikumwuliza. Wanasema kuuliza si ujinga, lakini mimi nilikuwa mwalimu, na walimu tumezoea kuuliza yale tunayoyajua tayari.

Kesho yake akaniletea devis kwenye karatasi ya daftari, mwandiko umenyooka. Mstari wa kwanza ulisema atachimba kando ya pembe ya nyumba, atamwaga maji, kisha atangoja siku mbili aone yanakwenda wapi. Siku hizo mbili za kungoja alizitia ndani ya bei. Baada ya hapo yalifuata magogo ya kushikilia mabati, kubomoa pembe, kushuka na msingi mpaka kwenye udongo mgumu, mawe, saruji, na mwisho kabisa rangi. Ilikuwa mifuko mingi ya unga. Nilimsomea mwenzangu shuleni ule mstari wa kungoja, tukacheka mpaka machozi. Nimlipe mtu kwa kukaa na kutazama maji?

Fundi wa pili alikuwa Banza, kijana wa kwetu, mwenye asili ya kaskazini kama sisi, aliyeimba nami kwaya. Alisimama mlangoni, mikono mifukoni, akautazama ufa kama mtu anayetazama kiatu kilichofumuka. Akanipigia methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Devis yake ilikuwa na mstari mmoja tu, kuziba na kupaka, siku mbili kazi imekwisha, na bei yake haikufika nusu ya ile nyingine. Unajua, mwanangu, methali ikisemwa na mtu anayeuza kitu, usiimeze bila kuitafuna.

Sasa nitakuambia neno ambalo hata mume wangu sikumwambia kwa miaka mingi. Bei haikunitisha. Unga tungeupata, kwa kuuza cherehani yangu. Kilichonitisha ni wanawake wa mtaani, walioniambia kwamba Mukasai atakula nusu ya malipo kisha apande treni, na kwamba siku hizi mtu anatazamwa anamwingiza nani kwake. Niliogopa kuonekana. Ile bei kubwa ikanipa pa kujificha, nami nikajificha. Nilimrudishia Tata Mukendi karatasi yake nje ya lango, bila hata kumkaribisha kiti, nikasema ni ghali. Aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja vizuri, akaniaga. Mpaka leo naona haya.

Banza alifanya kazi yake kwa nyimbo, na ukuta ukapendeza kuliko siku ulipojengwa. Nilimlipa, nikawaita jirani waje waone. Mvua ya tatu ikaurudisha ufa, ukipita katikati ya rangi mpya. Mlango wa chumba cha mama ukaanza kugoma. Banza alipoitwa akasema ataziba tena, kwa bei nafuu. Niliziba ufa, mwanangu, na ukuta nikaujenga vilevile.

Wakati huo familia za Kasai zilikuwa zimekwisha kutolewa nyumbani mwao. Maelfu walikaa kituoni wakingoja mabehewa, wiki baada ya wiki, na magodoro yao, sufuria zao, wagonjwa wao. Nilikwenda huko asubuhi moja, mvua imekatika, nikijiambia kwamba akinitukana nitanyamaza.

Nilimkuta amechuchumaa kwenye matope, amevuta kamba kati ya vijiti viwili. Alikuwa ameokota vipande vya matofali vilivyovunjika, anavipanga safu kwa safu ili vikongwe wasilale majini, na kando yake alikuwa amechimba mfereji. Kila kipande alikipima kwa kamba. Kimoja kilikuwa juu kidogo, unene wa ukucha, akakitoa, akakwangua udongo chini yake, akakirudisha. Mtu aliyefukuzwa katika mji aliousimamisha kwa mikono yake, kesho yake haijulikani, nyumba yake mwenyewe imekwisha kuingiwa na wengine, alikuwa anasawazisha sakafu ambayo angeiacha siku yoyote. Nimeona mashimo makubwa ya mgodi, nimeona maji ya Lualaba yakizuiwa kule Nzilo, lakini sijawahi kuona kitu kikubwa kuliko kile.

Nikapiga magoti, nikamwomba msamaha. Hakulishika neno hilo hata kidogo. Akauliza habari za mama, nikamweleza ufa uliorudi na mlango unaogoma.

"Mulango inagoma wapi, juu ao chini?"

Nikamwambia chini, upande wa bustani. Akaweka kamba chini.

"Tosha mama mule leo. Hapana kesho. Ile pembe itaanguka inje, na mabati itaanguka ndani."

Yeye mwenyewe hakuweza kuja kutusaidia kumtoa. Waliothubutu kurudi mtaani walipigwa. Basi akanieleza yote pale pale, akichora kwa kijiti kwenye matope: magogo yakae wapi, tuchimbe wapi, tushuke mpaka jembe likatae. Nilipotaka kumshukuru akaniambia niende, mvua haitaningoja. Nilikimbia, mwanangu, viatu mkononi.

Mama tulimhamishia jikoni saa ileile, akilalamika kwamba ninamfanya mzigo wa mkaa. Siku ya pili yake, mchana, tukiwa tunakula, pembe ikaanguka juu ya nyanya zangu, na boriti ikashuka juu ya kitanda, ikapasua mto pale kichwa chake kilipokuwa kikilala. Mama akamshukuru Mungu, kisha akaomba aongezewe bukari, ule ugali wetu.

Mume wangu aliporudi tulichimba. Tulikuta majivu, vigae vya vyungu, mifupa ya kuku, udongo mlaini hadi kifuani. Mama akatuchungulia kutoka kwenye kiti chake, akashangaa kwamba tunashangaa.

"Shi ni shimo ya baba yako? Kulikuwaka kichuguu pale, alitoshaka mule matofari yote. Kisha tukatupa mule takataka mpaka ikajaa."

Nikamwuliza kwa nini hakutuambia. Akasema hatukumwuliza.

Nilikwenda kituoni na mfuko mzima wa unga kichwani. Mabehewa yalikuwa yameondoka tangu jana. Kuna watu walikufa njiani, tulisikia baadaye, na sikupata kujua kama alifika. Ile sakafu yake ilikuwapo, imelala sawa, na juu yake familia nyingine imetandika mikeka, wakavu. Niliwaachia unga, nikarudi nyumbani nikilia njiani bila kujali nani ananitazama.

Sasa chukua karatasi zako. Nyumba yako iko Kasulo, ambako watu wamechimba madini hadi chini ya vitanda vyao, kwa hiyo tafuta kwanza nani kati ya hawa watatu aliuliza kuna nini chini. Aliyetaja bei akiwa bado mlangoni, ameuza rangi. Soma kilichoandikwa, kisha soma ambacho hakikuandikwa, maana rahisi huvunja upishi. Ghali nayo si ushahidi, wapo wezi wenye mwandiko mzuri. Mwulize kila mmoja kwa nini ukuta umepasuka, na umsikilize mpaka amalize. Na kabla ya yote jiulize wewe: kama jina la fundi huyu lingekuwa la kwetu, bei hii ningeiona kubwa? Swali hilo ukilikwepa, hakuna hesabu itakayokusaidia.

Mungu akujalie nyumba inayosimama, na walio ndani yake waamke wote wazima. Akujalie macho ya kumtambua mtu mwema lango lako lingali wazi kwake, na ulimi wa kumwambia asante angali anakusikia. Mimi nimechelewa kwa miaka yote hii. Wewe usichelewe, mwanangu.