Sanduku la Buluu

Nilijiona mshairi wa watu. Wenzangu wanaofunga maneno kwa mafumbo niliwadharau, nikasema wanajiandikia wenyewe. Jumamosi moja, kwenye jioni ya mashairi katika hoteli moja ya Diani, nilisimama mbele za watu na shairi lisilo na fumbo hata moja.

Lilimhusu mama mdogo, aliyenilea Msambweni. Jina sikulitaja. Nilisema tu jinsi mwanamke alivyorudishwa kwao kwa kuwa hakuzaa, akaletwa na tuktuk mchana kweupe, sanduku lake la buluu limefungwa kamba nyuma. Habari hiyo alinisimulia mwenyewe uani, anakuna nazi, nami nimekaa mkekani karibu yake. Nilipofika kwenye sanduku, watu walipiga meza. Mhudumu mmoja kutoka bara akanishika mkono: "Bro, hiyo imeweza." Nikavimba kichwa.

Kumbe kuna aliyenirekodi. Siku chache baadaye video ilifika Msambweni, ikachezwa kwenye nyumba ya harusi wanawake wakichagua mchele. Hakuna aliyeuliza ni nani huyo. Sanduku lile mtaa mzima uliliona likishushwa. Binamu yangu aliyekuwapo aliniambia kwamba mama mdogo aliendelea kuchagua mchele mpaka shairi likaisha, ndipo akachukua leso yake akaenda zake nyumbani.

Na mimi si mgeni wa mambo haya. Nimekua nikisikia wanawake wetu wakiimbana harusini. Hata neno liwe kali vipi, huvishwa fumbo la ndege au la kitu cha jikoni, ili mwenye kuguswa ajue na bado apate nafasi ya kucheka na wenzake. Nafasi hiyo ndiyo niliyomnyima mama mdogo, kwa kuogopa kwamba watu wa hotelini wasingenielewa. Nikiikumbuka ile sauti yangu kwenye kipaza sauti, natamani ardhi ipasuke.

Nilikwenda kumtaka radhi. Nikapiga hodi, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama siku zote. Badala ya kuomba radhi nikaanza kujitetea: shairi lile niliwaandikia wanawake wote waliodhulumiwa kama yeye. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Na mimi, mwanangu, uliniandikia?"

Nilimwambia anisamehe, akasema yamekwisha. Kisha akageuka kwenda uani, alikoiacha mbuzi yake na nazi iliyokunwa nusu, nami nikainuka kumfuata kama nilivyozoea tangu utotoni. Akasimama mlangoni.

"Huku kuchafu, baba. Wewe keti hapo sebuleni, nitakuletea chai."

Aliniletea kwa kikombe cha wageni, na kaimati kwenye kisahani, akarudi uani. Nilikunywa peke yangu, nikimsikia akikuna nazi.