Kikombe Kilichotobolewa

Mwanangu nilikuja naye. Nilipoolewa Tunduma alikuwa na miaka miwili, na mume wangu alimpokea. Mama mkwe alimpokea zaidi. Alimbeba mgongoni akienda naye shambani. Surua ilipomchukua, tulimzika kwenye makaburi ya ukoo. Mama mkwe ndiye aliyetoboa kitako cha kikombe chake cha bati kwa msumari na kukiweka juu ya udongo, kama tunavyofanya, ili mpita njia asikitamani.

Baadaye mama mkwe alikufa, kisha mume wangu naye. Ndipo tukaambiwa makaburi yanahamishwa, pajengwe yadi ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Kabla ya matingatinga walikuja wataalamu wa mambo ya kale. Walifunga kamba ardhini kama mafundi wa nyumba, wakachimba kwa mwiko na brashi, wakachekecha udongo, wakapiga picha kila mfupa pale ulipolala. Aliyetajwa jina alipata sanduku lenye jina lake na kaburi lake kwenye makaburi mapya. Sanduku la asiyetajwa liliingia kaburi la pamoja. Majina yalitoka kwa msemaji wa ukoo, naye alikuwa shemeji yangu, kaka wa marehemu mume wangu.

Walipofika kwa mwanangu, mtaalamu mmoja, dada mpole, alikipangusa kikombe akauliza ni cha nani. Nikasema ni cha mwanangu, nikamtajia jina. Shemeji akacheka.

"Huyo ulikuja naye kama kikapu, shemeji. Kikapu hakiandikwi kwenye ukoo." Akamgeukia yule dada. "Andika hajulikani."

Watu wa upande wake wakacheka naye. Yule dada alinitazama, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba fomu inataka sahihi ya msemaji. Akaandika. Mifupa ilikuwa midogo sana, sanduku lilibaki na nafasi. Kikombe akakiweka humo humo. Sikulia. Nilimwomba Mungu anipe siku moja tu ya kumlipa.

Alinipa kesho yake, zamu ya mama mkwe ilipofika.

Mama yake alipozikwa, shemeji alikuwa Saza akitafuta dhahabu, na alirudi mwaka uliofuata. Chungu kilichowekwa juu ya kaburi kilishavunjwa na ng'ombe. Waliozika walikuwa wamekufa au wamehama, nilibaki mimi. Hakuniuliza. Alinyoosha kidole, akasema, "Mama yangu huyu hapa."

Alikosea. Pale alilala mama mchuuzi wa kutoka Zambia, aliyefia kwetu akiwa safarini na mizigo yake. Mama mkwe alikuwa hatua tatu kushoto.

Yule dada alifukua, akasema ni mwanamke mtu mzima. Kisha akatuuliza sote tuliosimama, kama alivyouliza kila kaburi: "Kuna mwenye neno?"

Nilikuwa nalo. Mama mkwe hakunikosea hata siku moja, na nilikumbuka hilo nikiwa nimesimama pale pale, sitasema nilisahau. Lakini nilimtazama shemeji akijifuta machozi juu ya mifupa ya mgeni, nikaona raha. Sikusema uongo. Sikusema kitu.

Mchuuzi akapata sanduku lenye jina la mkwe wangu, na kaburi la saruji. Mkwe wangu akaandikwa hajulikani, akapelekwa kaburi la pamoja, aliko yule mjukuu aliyekuwa akimbeba mgongoni. Kanisani nimeungama mengi. Hilo bado.

Kila Pasaka shemeji hupiga magoti kwa yule mchuuzi na kumsimulia habari za nyumbani. Mimi huwa ng'ambo ya njia na jembe langu, nikipalilia kaburi la pamoja. Mwaka mmoja alivuka akaja kwangu.

"Shemeji, mbona unajichosha na hawa wasiojulikana?"

Nikamwambia mwanangu yupo humu. Ni kweli yupo. Alitikisa kichwa akaenda zake, hakuniuliza yuko na nani.