Kibati Shingoni mwa Ndama

Njura alimtoa ndugu yake kwa reli, na ndugu huyo alipokufa akakificha kifo chake. Ubaya wenyewe ni huo. Ruguru, aliyeolewa kwa watu wa marehemu, hupenda utajwe hivyo hivyo, bila kuzungushwa.

Mwaka ule reli ya kwenda Thika ilipokuwa ikijengwa, chifu alidai mtu mmoja kutoka kila boma. Zamu ilikuwa ya Njura. Akasema mguu unamuuma, akamsukuma mdogo wake Runji, kijana wa miaka ishirini na sita, aliyekuwa na mke na mtoto wa kunyonya. Runji akaenda kwa miguu. Miezi minne baadaye mabehewa ya kokoto yalipinduka kwenye tuta, yakafunika vibarua kumi na mmoja. Walizikwa shimo moja kando ya njia. Mwenzao mmoja, mtu wa Meru, alipitia kijijini Karurumo akirudi kwao, akamkabidhi Njura kibati cha shaba chenye namba ambacho Runji alivishwa shingoni kazini. Njura akamnywesha pombe, akamwambia afunge mdomo. Kisha akamwendea mke wa nduguye.

"Bwana yako ameoa huko Thika," akamwambia. "Usimngoje."

Mama yule alingoja. Mjane hunyolewa nywele. Yeye hakunyolewa, maana hakuna aliyemwambia ni mjane. Alimwekea mumewe chakula kila jioni mpaka akazeeka, na kigoda cha mumewe hakikukaliwa na mtu. Kipo mpaka leo nyumbani kwa Ruguru, na hata paka hukizunguka. Shamba la Runji la mtoni Njura alilichukua, kwa kuwa mtu aliyehama hana shamba.

Ruguru aliolewa katika nyumba hiyo ya Runji. Darasani hakuingia hata siku moja. Elimu yake ni jembe. Alipokuwa bado bibi arusi mchanga, alipewa kazi ya kumuuguza mke wa mwisho wa Njura, kikongwe ambaye watoto wake mwenyewe walishamchoka. Ruguru alimwosha, akamlisha, akamgeuza kitandani. Siku tatu kabla ya kufa, kikongwe alimshika kifundo cha mkono akamweleza yote: zamu, kokoto, kibati chenye tundu moja juu, uongo wa Thika.

"Aliyemtoa mtu ndiye humrudisha," alisema. "Nyinyi mkijizikia wenyewe, mmekubali deni ni lenu."

Ruguru alimwambia mumewe, Muchangi. Muchangi akasema nyamaza, hao ni watu wetu. Lakini baba yake Muchangi aliitwa Runji, jina la babu yake aliyefia relini, na lori lilimkanyaga akiwa na miaka ishirini na sita. Muchangi, ambaye hakubeba jina hilo, alifika hamsini na tano akafa kitandani pake. Na mtoto wao wa kwanza, kwa kuwa wa kwanza huitwa jina la baba ya baba yake, ni Runji.

Huyo anatimiza miaka ishirini na sita Novemba hii.

Ijumaa Runji alirudi kutoka Embu mjini akicheka peke yake njiani. Amepata kazi. Jumatatu anaanza, kubadilisha mataruma, magogo yanayobeba vyuma, kwenye reli ya zamani, upande wa Thika.

Ruguru aliweka chini sufuria ya githeri. Alifunga kilemba, akavuka kijito, akaenda kwa Ndambiri, mtoto wa Njura, mzee wa miaka themanini na mwenye kiti cha mbele kanisani.

Langoni alipishana na ndama mwekundu. Shingoni kulikuwa na kamba, na kwenye kamba kibati cha shaba, cheusi kwa uzee, chenye tundu moja juu. Kiligonga pini ya chuma iliyofunga kamba kikalia.

"Mama Runji!" Ndambiri aliita kutoka barazani. "Umekuja kuomba mbegu?"

"Nimekuja kwa ajili ya baba yako mdogo."

"Baba mdogo yupi? Wote walikwisha."

"Yule ambaye hamjamzika. Namba yake mmemvika ndama."

Kaari, mke kijana wa Ndambiri, alichungulia kutoka jikoni. "Ile? Niliiokota tulipobomoa nyumba ya zamani. Huyu ndama hupotea kwenye migomba, nikaona inalia vizuri."

"Rudi jikoni," Ndambiri akasema. Kisha kwa Ruguru: "Unataka nini hasa?"

"Kibati ukibebe mwenyewe mpaka kwenye tuta. Ulete udongo. Uchinje kondoo dume, useme mbele ya nyumba zote mbili kwamba baba yako alimtoa. Mimi nitanyolewa kwa niaba ya yule mama. Kabla ya Jumatatu, Runji wangu hajaanza kazi ya reli."

"Mimi ni mzee wa kanisa, mama. Nichinjie mashetani kondoo?"

"Wa Krismasi ulimchinja. Hakuwa na shetani."

Ndambiri alicheka, akakohoa. "Wenzako wanalia watoto hawana kazi, wewe unalia wako ameipata. Nikisema hayo unayotaka, kesho utadai shamba la mtoni."

"Kwa hiyo unajua ni la nani."

Mzee akainuka. Akaokota bakora yake, akaingia ndani, akafunga mlango jua likiwaka.

Kaari alimfuata Ruguru mpaka langoni. Alikuwa ameshafungua kamba, kibati kiganjani.

"Chukua, mama. Sikujua. Haki ya Mungu sikujua."

Mkono wa Ruguru uliinuka wenyewe. Ukafika karibu kabisa, akauona mchanga mweusi uliokaa ndani ya namba. Akaurudisha mkono chini ya leso.

"Nikikichukua nimekubali. Mpe mumeo."

Jumatatu asubuhi Runji alivaa shati alilopewa alipoandikwa kazi. Kifuani lilishonewa kitambaa chenye namba.

"Soma basi, mama," alimtania. "Hata namba tu?"

Ruguru aligeuza uso. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alimshukuru Mungu kwamba hajui kusoma. Alimsihi asiende. Runji akacheka, akambusu kilemba, akasema atapiga simu kila jioni. Alipogeuka kuchukua begi aliegemea kile kigoda kisichokaliwa, kisha, ili afunge kamba za viatu, akakikalia.

Simu imelia jioni sita. Ya saba ilichelewa, ikaja.

Ndambiri wa nyumba ya Njura bado anadaiwa kondoo dume mmoja, udongo wa tuta, shamba la mtoni, na neno moja litakalosemwa wazi mbele ya watu. Anadaiwa akiwa hai, kabla ya Novemba. Ndama amerudishiwa kengele yake ya kibati. Ruguru huisikia ikivuka kijito.