Nilivyokataa Kukata Fimbo za Baba

Mwanangu, siku niliyokwenda Bungoma na mfuko wa fimbo begani naikumbuka vizuri, ingawa kichwa hiki kimeshasahau mengi. Nilikuwa kijana, mwalimu wa hesabu hapa Kitale, na mgongo uliniuma kama wa mzee.

Chanzo kilikuwa mchezo wa gofu. Baba yangu, Barasa, alikuwa mchezaji hodari, na alipofariki aliniachia fimbo zake. Yeye alikuwa mrefu kama mlingoti. Mimi nilifuata upande wa mama, watu wa kimo cha chini. Ilibidi nikunje viwiko na kujipinda ndipo niweze kuupiga mpira kwa fimbo ndefu hivyo, na kila nikiupiga unakwenda kushoto, unaishia mitini. Wenzangu walinishauri nizipeleke zikakatwe, nikakataa. Mwacha mila ni mtumwa, nikawajibu. Methali ikishikwa na mkaidi, mwanangu, huwa ngao nzuri sana. Moyoni niliona kuikata fimbo ya baba ni kama kumkata baba mwenyewe.

Asubuhi moja mama alinikuta nikishindwa kuinama kufunga kamba za viatu. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba Bungoma kuna fundi, Mzee Wafula, mtu wa Myanga, aliyekuwa akishughulikia fimbo za baba, na kwamba ingekuwa vyema nimsalimie. Kumsalimia mzee si jambo la kukataa, nikabeba na fimbo azione.

Mzee Wafula alikuwa na karakana nyuma ya nyumba yake. Alinipa chai kwanza, akaniuliza habari za mama. Kisha akanipima kutoka kifundo cha mkono hadi chini, akatazama urefu wa vidole vyangu, akabandika utepe chini ya kichwa cha fimbo na kuniambia nipige mipira michache juu ya ubao. Utepe ulichubuka upande mmoja tu, ule wa karibu na mpini. Upande wa pili ulikuwa ukielea hewani. Akanieleza kwamba fimbo ni ndefu mno kwangu, ndiyo maana inasimama wima na kuutupa mpira kushoto.

Nikamwambia kwa heshima kwamba sitaki zikatwe, ni za baba.

Alikoroga chai yake bila haraka. Halafu akaivua ile raba ya kushikia na kunionyesha mahali chuma kilipoungwa.

"Baba yako alipewa hizi na bosi wake, mtu mfupi kama wewe," alisema. "Alikuja hapa akilia mgongo. Ni mimi nilimwongezea hiki kipande."

"Na hakuona vibaya?"

"Aone vibaya kwa nini? Alizipenda, ndiyo akataka zimfae. Sasa wewe, kijana wangu, unachokilinda si cha baba yako. Ni kazi ya mikono yangu."

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, na mengine hayakuwa ya kicheko. Nikamwambia azikate. Alitoa vile vipande, akakunja vichwa kidogo ili vilale sawa chini, akaweka raba nyembamba zinazotosha viganja vyangu.

Jumamosi iliyofuata mpira wangu wa kwanza ulikwenda mbele, sawasawa, nami nikabaki nimesimama nikiutazama kama mtu aliyeitwa jina lake. Nilipomsimulia mama, alikiri kwamba habari ya vile vipande aliijua siku zote. Angeniambia yeye, alisema, nisingesikia.

Basi sikia, mwanangu. Ukirithi kitu, kiwe shamba, kazi au hata desturi, kipime kwenye mwili wako na maisha yako. Kikikuumiza, usiyaite maumivu hayo heshima. Waliotutangulia nao walipokea vitu visivyowatosha, wakavirekebisha, wakavitumia kwa furaha. Tafuta anayejua kupima, na akishapima, mwamini. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi kidogo nivunjike mgongo.

Mungu akupe kilicho kipimo chako, akunyooshee mgongo, na akujalie watu wa kukuambia ukweli ungali na nguvu za kuutumia.